Mtoto wa Dada

Nyumba Singida mjini zipo, mtu asikudanganye. Nilizunguka na dalali wiki tatu nikaziona: za geti na vigae, za watu wenye mishahara ya maana. Sisi tunaopika shuleni tumeachiwa chumba kimoja, choo cha wote, na swali la mlangoni: "Una watoto wangapi?" Kila nilipojibu wawili, chumba kilikuwa kimeshapata mtu.

Nilipofika Unyambwa nilikuwa nimechoka. Mama Rukaiya, mwenye nyumba, aliponiuliza, nilimjibu ninaye mmoja. Nikahamia na Gerald, anayenyonya. Eliana, wa miaka sita, nikampeleka kwa bibi yake, kijijini Mgori.

Likizo ya Juni nilimfuata aje tukae naye wiki mbili. Ndani ya basi nikamfundisha: "Tukifika, mimi ni mama mdogo. Usisahau." Nilijipa moyo kwamba mama mdogo naye ni mama.

"Huyu mtoto wa nani?" Mama Rukaiya aliuliza.

"Wa dada yangu."

"Shikamoo, bibi," Eliana akasema, na kwa wiki mbili nzima hakuteleza. Hata alipojikata kidole, alilia akiniita mama mdogo. Mama Rukaiya alimsifu kuwa ana adabu.

Jumapili nilimrudisha Mgori. Uani kwa bibi yake hapakuwa na mwenye nyumba wala mpangaji wa kutusikiliza. Nikamwambia, "Sasa niite mama."

Alimtazama bibi yake kwanza, kisha akaninong'oneza, "Hapa wanaruhusu?"