Mikwaju Miwili ya Mdomo

Mama Linah anasema aliyaona kwa macho yake, ingawa siku hiyo hakutoka mtaani Matisi hata hatua moja. Ati Jeruto alikuwa ameshashinda gofu kule Bungoma, kombe liko mezani linamngoja, halafu Preeti, binti wa duka la vitambaa, akamnong'oneza kitu. Papo hapo Jeruto akaenda mwenyewe kumwambia mwamuzi aandike kwamba ameshindwa.

"Amelishwa kitu yule," Mama Linah aliwaambia wanawake kwenye mfereji. "Mtu mwenye akili zake anajichongea?"

Jeruto alikuwa papo hapo, ndoo yake ya tatu kwenye foleni. Tangu arudi hakuwa anatulia: sufuria ikioshwa inaoshwa tena, akiketi anainuka. Aliondoka, ndoo ikabaki.

Maana aliyenong'ona si Preeti. Ni yeye.

Miaka sita sasa Jeruto ni kedi kwenye uwanja wa gofu wa Kitale, anabeba mfuko wa fimbo za wengine na kuwaambia upepo unatoka wapi. Makedi huruhusiwa kucheza Jumatatu pekee, uwanja ukiwa mtupu, na hizo Jumatatu ndizo zilizomfundisha. Kule Bungoma ilishindaniwa nafasi moja ya mwanamke katika timu ya eneo. Ambaye angeipata angecheza siku yoyote, mchana kweupe, kama wenye uwanja. Jeruto aliitaka hadi chakula kikamshinda.

Walipofika shimo la kumi na saba, alikuwa mbele kwa mikwaju miwili, maana katika gofu aliyepiga mara chache ndiye mshindi. Preeti, mshindani wake siku hiyo, ambaye Jeruto amembebea mfuko miaka minne, akachomoa fimbo namba nane, akasita, akatazama vilele vya miti. Mdomo wa Jeruto ukafunguka wenyewe, kama mlango usio na komeo.

"Chukua saba."

Preeti akachukua saba, inayopiga mbali kuliko nane. Mpira ukatua karibu na bendera, akapunguza mkwaju mmoja.

Kedi kazi yake ni kushauri. Lakini mchezaji akimshauri mshindani wake, anaongezewa mikwaju miwili ya adhabu, na wote wawili walijua. Preeti akainamisha kofia. Walipomaliza, Jeruto alikuwa bado mbele kwa mmoja.

"Weka sahihi hapa, dada," akasema Jairus, mwamuzi wa Bungoma, akisukuma kadi.

"Ongeza miwili kwa la kumi na saba. Nilimwambia achukue saba."

"Nani alisikia?"

"Yeye."

Jairus akamgeukia Preeti. Preeti alikuwa anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Si ungenyamaza tu, bana," Jairus akanong'ona. "Mungu mwenyewe alikuwa amesinzia."

"Mimi sikusinzia. Andika."

Ikawa ameshindwa kwa mkwaju mmoja.

Akiwa njiani kutoka mferejini kwenda uwanjani, Jeruto hakuwa anawaza kombe. Aliwaza ule mdomo. Alidhani ni mabega tu yaliyobebeshwa mfuko, kumbe hata ulimi. Na bado ulimi huo huo ndio uliomwambia Jairus aandike, na hapo hakuna aliyekuwa amemtuma. Alitembea haraka, akapunguza, akaongeza tena.

Makedi wenzake walimpokea kwa kicheko. "Mshauri wa wilaya amefika! Jeruto, nishauri, nioe ama ningoje?"

"Ngoja uoge kwanza," akasema, nao wakaangua kicheko zaidi.

Ndipo gari la Preeti likasimama. Akashuka, akafungua buti, akamtazama Jeruto kwa shida.

"Sasa, Jeruto. Timu inacheza mwezi ujao. Nakuomba unibebee. Hakuna anayenijua kama wewe."

"Sibebi."

"Umekasirika."

"Hapana. Nikibeba nitakuambia saba, nitakuambia nane, na Jumatatu nitakuwa nimesahau kujiambia mwenyewe."

Makedi wakasogea karibu. Jeruto akakita miguu chini.

"Lakini na mimi nina ombi, Preeti." Hakusema madam kama kawaida yake, na wote walisikia. "Mwanachama anaruhusiwa kuleta mgeni. Jumamosi, saa nne, wote wakiwa hapa. Niandike mgeni wako, tucheze mimi na wewe. Kila mtu abebe mfuko wake."

Preeti akageuza macho kwenye baraza ya kilabu. Baba yake, mzee Kishore, alikuwa ameketi na wanachama rafiki zake, vikombe mkononi, wakiwatazama. Preeti akaushika mkanda wa mfuko wake, akauachilia, akaushika tena.

"Jumamosi," Jeruto akarudia. "Utaniandika?"