Jina la Sindano ya Tazagul

Allambergen alisimama mbele ya kabati la kioo katika makumbusho ya Moynaq, kofia mkononi, akiisoma kadi kwa mara ya tatu. Nyuma ya kioo ililala sindano ya mbao ya kufumia nyavu. Ilikuwa ya marehemu mkewe, Tazagul, na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta wiki iliyopita. Kadi ilisema: Sholaq.

Sholaq alikuwa mbuzi wa jirani yake Seytnazar, mkia kipande, mwizi wa mikate.

Mzaha wa kuipa sindano jina hilo ulikuwa wa Allambergen mwenyewe. Miaka thelathini na mitano nyuma alikuja kijana msomi kutoka mji wa Nukus kuandika majina ya zana za uvuvi. Hata chai hakuingoja. Bahari ilikuwa imekauka, imeshawakimbia, mashua zimekaa mchangani, na Allambergen alikuwa na hasira za kumtosha yeyote mwenye kalamu.

"Sindano hii twaiita Sholaq, mwanangu. Chelezo hiki ni Aqtos."

Aqtos alikuwa mbwa. Wavuvi wenzake walijiuma midomo wasicheke. Kijana akaandika yote, yakapigwa chapa kitabuni.

Tazagul hakucheka. "Baba Gulnaz, majina ya kweli nilifundishwa na mama yangu. Mfuate mtoto wa watu umwambie kweli."

"Nitakwenda."

Hakwenda. Badala yake alikisimulia kisa kwenye kila harusi, na nyumbani akazoea kusema, "Nipe huyo Sholaq wako." Tazagul peke yake aliendelea kuiita kwa jina lake la kweli mpaka alipofariki, mwaka juzi.

"Mzee, mbona umeganda?" Perizat, mtunzaji wa makumbusho, alikuwa amemkaribia. "Kuna kosa?"

"Kosa kubwa, binti yangu. Hilo ni jina la mbuzi."

Perizat akaangua kicheko, akakikata alipomtazama usoni. Allambergen akamweleza yote, hakuficha kitu.

"Ee! Nami nililitoa kitabuni! Na watoto wa shule wanavyoyakariri! Lakini si neno, tutarekebisha." Alifungua kabati, akaitoa kadi, akachukua nyingine tupu, akashika kalamu. "Haya, mzee wangu. Lake la kweli ni lipi?"

Allambergen alifungua kinywa. Aliiona mikono ya Tazagul ikifuma karibu na jiko, akamsikia akiwafokea watoto wasiichezee sindano. Sauti aliisikia vizuri kabisa. Neno halikuja. Kila alipolitafuta, alikuja mbuzi.

"Taratibu tu," Perizat akasema. "Au nimuulize nani mwingine?"

"Seytnazar tumemzika. Wengine walihamia ng'ambo zamani, nao wamekwisha." "Ilikuwa niseme mimi."

Perizat akaiweka kalamu kando ya kadi tupu.

"Basi niirudishe ile ya kwanza?"

"Usiirudishe. Iache bila jina."

Kila alipotoka mjini Allambergen alipitia makaburini kumwamkia mkewe. Siku ile alizunguka njia ya nyuma isiyopita makaburini, ndefu, yenye vumbi. Angemwambia nini?