Kigingi Ndani ya Haidrenjia

Nasambu aliporudi Kanduyi kutoka Kitale, anakofanya kazi ya uuguzi, alienda moja kwa moja kwenye haidrenjia aliyoipanda kando ya kaburi la mumewe mwaka 2004. Shemeji yake Wekoye, jirani aliyepakana naye shamba, ndiye aliyeachiwa kuimwagilia. Maua ya buluu yalikuwa yamefura kama kabichi, lakini katikati lilichomoza tawi geni, lenye miiba na majani matatu matatu.

"Ugonjwa gani tena huu?" alifoka, akalivuta. Wapi! Alipotenganisha maua, alipaona lilipotokea. Tawi lilichipuka kwenye kigingi kinene kilichochongwa kwa panga. Murembe! Mti ambao kwao huchomekwa mpakani, maana hushika mizizi.

Akatupa macho mbele. Kigingi kingine mbele ya mlango wake, kingine kando ya mparachichi, vyote vimechipuka. Kwa mpaka huo mpya, nyumba nzima ilikuwa imeangukia upande wa Wekoye. Nasambu aliachiwa kaburi tu.

Wekoye akatokea na ndoo ya maji, meno yote nje.

"Karibu, shemeji! Si uliniambia nimwagilie? Sijaruka hata siku moja."