Chumvi Kwenye Birika

Asubuhi ambayo ngano ilipigwa marufuku nyumbani kwa mwoka mikate, mwoka mikate mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na mkate mkononi.

Ulikuwa mkate wa kwanza wa siku, umefungwa kwa kitambaa cheupe, bado unafuka mvuke. Tangu yeye na mkewe waoane, mkate wa kwanza kutoka tanurini haukuwahi kuuzwa. Baba aliuvusha ua, kutoka chumba cha tanuri kilichotazama barabara hadi jikoni nyuma ya nyumba, akaukata ncha, akampa mkewe. Mama aliitafuna ncha ile akiwa ameegemea cherehani yake, akasema lolote lililomjia: leo laini, leo chumvi imezidi kidogo, leo umeniweza. Kisha kila mtu akashika kazi yake, mama kushona sare za shule, baba kuuza mikate.

Asubuhi hiyo mama alinyanyua kiganja kama askari wa barabarani.

"Sili tena ngano, Baba Kengele."

"Leo?"

"Leo na siku zote. Ngano ni gundi. Inagandia tumboni."

"Nani kasema?"

"Kamanda."

Baba aliutazama mkate wake kama mtu aliyeletewa habari kwamba mwanawe amefukuzwa shule. Akaufunika tena, taratibu, akarudi nao dukani.

Yote hayo yalishuhudiwa kupitia pembe ya pazia na binti yao wa pekee, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Huyo ndiye Kengele. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na shule nzima, baada ya kugonga kengele ya chakula katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, na wanafunzi wote, kwa utii uliotukuka, wakainuka wakaenda kula. Jina lilimfuata hadi nyumbani. Wazazi walilipinga kwa muda, kisha wakachoka, mwishowe nao wakajikuta ni Baba Kengele na Mama Kengele.

Kamanda naye alikuwa msusi wa mtaa wa pili. Vidole vyake vilijua nywele tu, lakini tangu aanze kufuatilia watu wembamba kwenye simu, mdomo wake ulijua kila kitu. Alikusanya akina mama, akawa anawarusha kamba jioni uani kwake, na kila baada ya siku chache alitoa amri mpya kwenye kundi la simu. Ilianza ndimu na maji ya moto, kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Ikafuata siki. Ikaja zamu ya vyakula vya kijani peke yake, na Kengele, kwa moyo wa kujitolea, akamwandalia mama yake sahani yenye kipande cha sabuni ya kufulia, kwa kuwa nayo ilikuwa ya kijani. Ukaja mkanda mpana wa mpira wa kufunga kiunoni, ambao ulimfanya mama apumue kwa awamu na kumwita mwanawe kila sindano ilipoanguka. Halafu ikawa kukimbia kinyumenyume, ati mafuta yasijue mwenye mwili anaelekea wapi.

"Mama, na ukigonga ukuta?"

"Nitakuwa nimeugonga nikiwa mwembamba. Sogea nipite."

Kengele alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kilimkauka jioni tu, mama alipovuta futi yake ya ufundi na kujipima mwenyewe. Fundi anajua kuikaza futi mpaka iseme anachotaka mteja. Mama hakuikaza. Aliisoma, akaiacha ilale mapajani, akakaa hivyo huku cherehani imenyamaza.

Kengele alijua jambo hili lilikotokea. Siku yake ya kwanza ya likizo alikuwa dukani akifunga mikate, mama akapita na kapu la sare kichwani. Dereva wa lori la sementi, mteja wa kila siku, akamsindikiza kwa macho.

"Mwokaji, bango la nini tena? Mke uliyenaye ni tangazo la hamira linalotembea."

Wateja wakacheka. Baba akacheka. Mama mwenyewe akageuka na kapu lake, akacheka kuwashinda wote. Kesho yake akajiunga na kikosi cha Kamanda.

Baba hakulalamika. Mwoka mikate akinyang'anywa maneno hubaki na unga, kwa hiyo alimwokea mkewe mkate usio na ngano, wa maharage na muhogo. Desturi yake ilikuwa kuupindua mkate na kuugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ulioiva hulia kama ngoma. Ule wa maharage ulipogongwa haukusema neno. Mama alimega, akatafuna kwa heshima, akaomba maji. Kengele aliurithi, ukawa unazuia mlango wa chumba chake usijifunge kwa upepo, na kwa kazi hiyo ulikuwa mkate bora kabisa.

Huku nyuma, mikate ya kawaida nayo ikaanza kuharibika. Bibi muuza mkaa aliurudisha mmoja akisema umemkausha koo kama maji ya bahari. Siku nyingine wateja waliuliza kama tajiri anabana chumvi. Baba aliomba radhi, akawabadilishia, akakunja uso kwa namna ambayo Kengele hakuizoea. Hata mluzi wake wa kukandia unga ulikatika.

Kengele akaamua kwamba baba yake anahitaji matibabu, na matibabu aliyoyajua yeye ni utani. Alfajiri moja, baba akiwa peke yake kwenye chumba cha tanuri, alimpelekea kikombe cha chai ya maziwa kilichotiwa kijiko kizima cha chumvi, kimejaa mpaka kikafanya kilima. Akakaa juu ya ndoo kungojea.

Baba alikunywa funda moja. Akanywa la pili. Akamaliza kikombe, akakirudisha.

"Asante, mwanangu. Tamu. Umeanza kuwa mtu mzima."

Bwenini Kengele alishuhudia mashujaa wengi wakijikaza kwa chai ya aina hiyo, lakini hata aliye mgumu kuliko wote hutokwa na machozi. Macho ya baba yalikuwa makavu. Akaonja masalio ya kikombe, ulimi ukataka kumtoroka.

"Baba, nilitia chumvi. Nyingi."

Mikono ya baba ilisimama ndani ya unga.

"Funga mlango," alisema.

Kengele akafunga.

"Ni ile homa ya mwaka juzi. Pua ilikufa kwanza, ulimi ukafuata. Nilidhani vitarudi."

"Na mikate unaokaje?"

"Kwa mkono na kwa masikio." Akachukua mkate, akaugonga chini, ukalia vizuri. "Huu umeiva, nausikia. Shida ni kwamba chumvi haina sauti. Na babu yako alinifundisha kuipima kwa kiganja, kiganja nacho siku hizi kinasahau."

"Kwa hiyo chumvi unaijuaje?"

"Chumvi ni mama yako. Akisema imezidi, kesho napunguza. Akinyamaza, najua iko sawa. Mwenyewe anadhani anapiga soga."

"Basi mwambie, Baba."

"Nikimwambia atakula. Atakula kwa ajili yangu huku roho inamuuma. Mwache apate hiyo afya anayoitafuta."

"Hatafuti afya. Unamkumbuka dereva wa sementi? Tangazo la hamira?"

Baba akakaa juu ya gunia la unga, na vumbi jeupe likampanda hadi kwenye nyusi.

"Nilicheka?"

"Ulicheka."

"Mteja akicheka nacheka, Kengele. Ndiyo biashara. Hata sikuyasikia vizuri maneno yake."

"Mama aliyasikia."

Baba alipangusa unga usoni, na sauti yake ikawa ndogo.

"Hilo nitatafuta jinsi ya kulisema. Hili la ulimi, niahidi hutamwambia."

Kengele akaahidi. Walimu wasingeamini, lakini ahadi yake ilikuwa kitu cha kweli: akiahidi kutosema, hasemi. Ila alikuwa amesoma vya kutosha kufahamu kwamba kusema ni kazi ya mdomo, na mikono yake haikuwa imeapa lolote.

Akampa baba yake nafasi. Siku zikapita. Kila asubuhi baba alivuka ua na mkate wa kwanza, japo mkewe hakuugusa, akafungua mdomo, akasema kwamba kuna joto, akarudi. Mwoka mikate yule alikuwa na nguvu za kubeba gunia kwa mkono mmoja, ila kuomba radhi kulimlemea.

Ndipo asubuhi moja Kengele akajitolea kuandaa chai ya nyumba nzima. Jambo hilo peke yake lilipaswa kuwashtua. Aliijaza birika, akaitia chumvi kwa ukarimu, akakoroga kwa utulivu wa mganga, akawamiminia wazazi wake wote wawili.

Mama, akiwa ndani ya mkanda wake wa mpira, alipiga funda moja. Mashavu yakavimba. Akakimbilia beseni, na safari hii alikimbia kwa mbele.

"Kengele," alisema alipopata pumzi. "Mtoto gani wewe? Baba Kengele, usiinywe hiyo, huyu mwanao ame..."

Akageuka. Mumewe alikuwa amekwisha kukimaliza kikombe na anajimiminia cha pili.

"Kuna nini?" aliuliza baba.

Mama alimtazama yeye, akaitazama birika, akamtazama tena yeye.

"Chai ikoje?"

Baba aliona nyuso zao, akajua kwamba kuna kitu, asijue ni kipi. "Nzuri," alijibu kwa tahadhari.

"Sukari je?"

"Ya kutosha."

Mama alivuta kitambaa cheupe kilicholetwa asubuhi ile kama kila asubuhi, akakifungua, akakata ncha ya mkate, akala ngano. Alitafuna polepole kama anayesikiliza mtu chumba cha pili.

"Hukutia chumvi," alisema.

"Hapana?"

"Hata punje. Tangu lini, mume wangu?"

"Tangu homa."

Mama alikumbuka asubuhi zote zile, Kengele akaziona zinavyompita usoni moja baada ya nyingine.

"Na mimi muda wote najua naletewa kwa mapenzi."

"Ni kwa mapenzi. Kama ni kuonjewa tu, si ningempa muuza mkaa?"

Mama alitaka kucheka, mkanda ukamzuia. Baba akaona mlango umefunguka, akauingia kabla haujafungwa.

"Siku ile ya dereva nilicheka. Sikupaswa kucheka."

"Hata mimi nilicheka."

"Nilikuona. Ndiyo maana nikadhani ni sawa."

"Ulitaka nifanye nini, Baba Kengele? Nilie mbele ya mikate?"

Baba alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akaweka mkono wake wenye unga juu ya futi iliyokuwa shingoni mwa mkewe, akauacha hapo. Mama aliutazama mkono huo. Halafu akapeleka vidole mgongoni, akafungua ndoano za mkanda moja moja, na mwili wake wote ukapumua.

"Nikatie nyingine," alisema. "Ncha."

Kengele, ambaye kwa mara ya kwanza maishani aliona hahitajiki, akatoka nje kwa miguu ya paka.

Kamanda alipoteza askari, japo si kabisa. Mama alisema jioni miguu yake imezoea kutoka, kwa hiyo alitembea, akielekea mbele kama watu wengine, na baba akatembea naye akihema. Dereva wa sementi alipokuja na kumwona mama akipita, alifungua mdomo.

"Leo sicheki," baba alimwahi.

"Mbona sijasema kitu?"

"Na iwe hivyohivyo. Huyo ndiye ulimi wa mkate unaokula."

Dereva alishika kofia yake akatazama chini. Kengele alimfungia mkate wake kwa adabu zote, na siku hiyo mlango wa chumba chake ulianza tena kujifunga kwa upepo.

Tangu hapo mama ndiye aliyeonja kila kitu kwanza, mkate na chai ya baba pia. Siku ya Kengele kurudi shule, sanduku likiwa mlangoni, mama alionja kikombe cha mumewe, akakishusha, akamtazama mwanawe. Kisha akakisukuma kikombe kile mbele yake.

"Kunywa."

Kengele alikunywa. Alikunywa funda kwa funda, akamaliza, akakipindua kikombe kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki.

"Ikoje?" baba alimuuliza.

"Tamu," alisema Kengele, machozi yakimtiririka mashavuni, na hakuna aliyemuuliza kama ni ya chumvi.