Macho Niliyoyasafisha

Asubuhi ile niliomba skrini yangu iwe mbovu. Mtu anayeishi kwa kusafisha na kuchapa picha za watu haombi hivyo akiwa na akili timamu, lakini mimi niliomba mpaka koo likakauka. Kwenye skrini alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wetu, fundi cherehani anayeshona magauni na kuyavaa mwenyewe ili nimpige picha za matangazo. Gauni lake jeupe lilikuwa limeingia umanjano kidogo. Macho yake yalikuwa ya manjano kabisa.

Mama alianza hivyo hivyo. Macho kwanza, kisha ngozi, kisha daktari akatuambia ini limekwisha, na kwamba tungemleta miezi mitatu mapema angekuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la skrini. Lazima! Sikuwa nimeipima rangi tangu mwaka uliopita, na skrini ikizeeka hupotoka kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Nilifunga pazia, nikaiacha nusu saa ipate moto, nikaifuta vumbi, kisha nikakining'iniza katikati yake kifaa cha kupimia rangi, kidude cheusi mfano wa kopo la dawa ya viatu. Skrini ikaanza kukionyesha nyekundu, kijani, bluu, halafu kijivu cha kila namna, nacho kikawa kinapima kila rangi ilivyo na inavyotakiwa kuwa.

"Sema imeoza," nikakiambia. "Sema tu, nitakubusu."

Kikasema imepotoka, imeelemea manjano. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Nikakubali marekebisho, nikafungua picha tena. Gauni lilikuwa jeupe safi. Macho hayakubadilika.

Nikaichapa. Nikatoka nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua, nikailinganisha na kipande cha kitambaa cha gauni lenyewe alichokiacha studio. Weupe ulikuwa ule ule, huwezi kuutofautisha. Basi manjano ya macho nayo ni ya kweli. Nikakaa kizingitini.

Halafu nikakumbuka mkono wangu. Kwangu kila mteja, mzima au mgonjwa, macho yake hupitishiwa brashi ya weupe ya kompyuta kabla hata sijamtazama usoni. Mkono unajiendea wenyewe, kama kufunga vifungo vya shati; siku ile ni umanjano wa gauni tu uliousimamisha. Nikarudi ndani kutafuta picha zake za nyuma, zile ambazo hazijaguswa. Ya mwezi uliopita: manjano. Ya mwezi wa kabla yake: manjano hafifu, lakini ipo. Zote nilizisafisha mimi, huku nikihangaikia mikunjo ya kola. Nilijichukia.

Nikampigia simu.

"Dada! Matangazo tayari?"

"Unaumwa?"

Nikasikia cherehani ikisimama.

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Uchovu tu. Na mwili unawasha, najikuna kutwa nzima."

"Na macho je? Kwako hakuna kioo?"

"Niliyaona, dada." Sauti ikashuka. "Nilimkumbuka mama, nikaogopa. Nilishabeba mkoba niende hospitali, nimefika mlangoni, nikaitazama ile picha kubwa uliyonichapia, ipo hapo ukutani. Macho meupe pee. Nikasema, dada na mitambo yake hawawezi kukosea, itakuwa taa ya bafuni hii inanitisha bure. Nikarudi kushona."

"Lini hiyo?"

"Mwezi sasa. Na zaidi."

Nikamwambia avae viatu, naja kumchukua sasa hivi.

"Nije na ile picha?" akauliza. "Daktari aone macho yangu yalivyokuwa mwezi uliopita."

"Iache," nikasema. "Hayo si macho yako. Nilikupaka mimi."