Dera Nililomshonea Sabra

Sabra aliporudi likizo alikuja na mabuti yamening'inia begani na njaa ya watu watatu. Nilimpikia bada ya muhogo na mchuzi wa nguru, akala mpaka akakwangua sufuria. Mie nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikimtazama tu. Mabega yale sikumzaa nayo.

Mimi ni Chiku, fundi wa madera hapa Mabawa, Tanga. Huyu ni mwanangu wa pekee. Alipoingia jeshini, kwenye kikosi cha wanamaji, nililia kidogo nikanyamaza, kwa sababu walimweka stoo ya vifaa, na stoo ina paa, ina kufuli, na mtu anarudi kwake jioni. Mama mwenye mtoto stoo analala usingizi.

Alipomaliza kula akanawa, akaja kukaa chini mbele yangu, kwenye vipande vya vitambaa.

"Mama, wamenipa njia mbili," alisema. "Nikitaka nibaki stoo, cheo kitapanda taratibu. Au nijitolee kwenye mchujo wa kikosi maalumu cha wanamaji."

"Hicho maalumu kinafanya nini?"

"Wanashushwa baharini mbali na nchi kavu, wanaogelea na mizigo yao kwenda kufanya kazi ambayo wengine hawaiwezi. Wanaojaribu ni wengi. Karibu wote hurudishwa."

"Basi wewe usijisumbue. Baki stoo."

"Nataka kujaribu, mama. Nimekuja kuomba radhi yako."

"Sikupi."

Kwetu mtu haoi, haendi Hija, wala hatoki kwenda pabaya bila radhi ya mama. Hilo Sabra alilinyonya na maziwa. Nilidhani atalia, au atanitolea hoja za kisomi, nami hoja nilikuwa nazo tayari kinywani. Hakufanya hivyo. Alisema tu, "Bila radhi yako siendi," akainuka kuosha vyombo. Nikaona nimeshinda. Nilishona jioni ile nikiimba.

Asubuhi yake, baada ya sala, nikasikia mlango. Alikuwa anatoka na kiroba cha mchanga mgongoni.

"Si nimekwambia huendi?"

"Siendi, mama. Nauweka mwili tayari, usije ukabadili moyo ukanikuta nimelala."

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kuona mtu akifanya kazi ya namna ile juu ya mwili wake mwenyewe. Alikimbia Mabawa mpaka ufukweni Raskazone na kiroba kile, akarudi jasho limemlowesha mpaka nyayo. Alijivuta kwenye mwamba wa goli pale uwanja wa shule mpaka watoto wakaacha mpira wakakaa kumtazama. Siku moja nilimkuta ameinamia beseni la kufulia, uso wote umezama majini, hajitikisi. Nikampiga ngumi ya mgongo. Akainua kichwa, maji yanamtiririka, akaniambia kwa adabu kwamba nimemharibia hesabu ya pumzi.

Jirani yangu Zuleha akapita barazani akasema, "Bi Chiku, huyo mtoto kifua kimekwisha, sasa ni mwanamume." Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, ingawa mwenyewe nilikuwa nimewaza hilohilo asubuhi.

Kulikuwa pia na Ernesti, askari mwenzake, naye likizoni, kijana wa Kibondei kutoka Muheza. Alikuja kila siku na mfuko wa machungwa na "shikamoo mama" ndefu, nami nikamtilia shaka ya uposaji. Yeye alikuwa amechagua kikosi cha nchi kavu. Maji aliyaogopa.

"Mie nikizidiwa na maji ya shingo namkumbuka Bikira Maria," aliniambia. "Lakini Sabra, mama, huyo akiingia baharini sisi wote tunanyamaza."

Sikupenda alivyolisema hilo. Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja jambo aliloliona msikitini, au kwao kanisani.

Sasa siku moja nikaanua nguo kambani, nikakuta kinguo cheusi kinachobana, cha kuogelea, kisichofika hata magotini. Damu ikanipanda. Mtoto wa Mabawa, mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani, kupita mbele za wanaume na kitu kile. Nikamwita. Na nilipokuwa nafoka hivyo, hapohapo nikaona njia ya kumaliza habari hii moja kwa moja, tena bila kuonekana mama mbaya.

"Radhi unaitaka?" nilimuuliza.

"Naitaka, mama."

"Basi utaogelea kutoka Raskazone mpaka kisiwa cha Toten, mie nikiwa kwenye boti nakutazama. Lakini utavaa dera, nitakalokushonea mwenyewe. Ukifika kisiwani, nakuridhia. Ukigusa boti, hata kwa kidole, habari imekwisha, unarudi stoo."

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mie nikasema huyu wangu hayavulii, kwa hiyo hatayaoga.

Alinitazama kidogo. "Dera la rangi gani?"

"La manjano. Nikuone."

Nikakata kitambaa kizito cha pamba, kile ninachowauzia watu kwa mashuka. Nikakata mapana ya wanawake wawili wanene. Pindo nikalikunja mara mbili, nikalipiga cherehani mara mbili, mpaka chini likawa gumu kama mkanda. Fundi anajua nguo itakavyokaa mwilini, na fundi wa pwani anajua itakavyokaa majini. Dera lile likilowa lingemvuta chini hata mwanamume. Nililipiga pasi vizuri, nikalikunja, nikampa.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa yamejaa. Tulimkodi Mudathir, kijana wa boti ya fiba anayepeleka wageni Toten. Mie na Ernesti tukapanda, wote wawili tumeshika ubao kwa mikono miwili, Muislamu na Mkristo, kila mmoja na dua yake. Sabra alisimama ufukweni ndani ya dera lile, mtandio ameufunga kichwani kwa fundo. Akalipima kwa mikono, akageuza pindo akalitazama.

"Umelishona imara," alisema.

"Nimelishona la kuogelea."

"Hujakosea sana, mama. Huko kwenye mchujo tunaogelea na gwanda zima na mabuti. Waliojifunza na vinguo vyepesi ndio wanaoanza kushindwa."

Nani alinituma?

Akasema bismillahi, akaingia.

Nitasema nilichokiona. Nimekaa Tanga maisha yangu yote, na bahari kwangu ni mahali pa kununulia samaki na kuoga siku ya Idd. Sikujua kwamba mtu anaweza kuingia mle akawa ni mwenyeji. Hakupiga kelele ya maji wala hakurusha povu. Alilala ubavu, mkono mmoja ukaenda mbele, mwingine ukasukuma, na ufukwe ukaanza kubaki nyuma yake. Mudathir aliizima mashine, akatufuata kwa kasia, kwa sababu alisema mashine inamvunjia heshima. Nilisikia pumzi zake, zinaingia na kutoka, hazina haraka, kama mtu anayesuka ukili barazani. Nikajiuliza, huyu niliyekuwa namfunga kanga asianguke kitandani, nani amempa hiki? Nikasema Subhanallah, na nikaisema tena.

Tukafika pale mkondo unapopita, na hapo kazi yangu ya fundi ikaanza kuonekana. Dera lilijaa maji likamzunguka miguu. Nilimwona anapiga teke na teke halitoki. Akanyooka, akajikunja, akanyooka tena, na kisiwa hakisogei. Kwa kitambo kidogo sana nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha kichwa chake kikazama.

Nikangoja. Ernesti aliacha ubao akasimama, yeye anayeogopa maji.

Badala ya kichwa, likaibuka dera. Liliibuka peke yake, la manjano, limefura juu ya maji kama andazi kwenye mafuta, wala halikwenda huku wala kule. Nikajua nimemuua mwanangu kwa mkono wangu, kwa uzi wangu. Nikapiga ukelele ambao sikuujua kuwa ni wangu.

"Sabra! Njoo upande! Njoo upande, mwanangu!"

"Mama, ngoja," Ernesti alisema, amenishika bega. "Mtazame. Anapumzika."

Nikatazama. Kichwa kilikuwa pale, nyuma ya lile andazi. Alikuwa amezama makusudi, akaikung'uta miguu ikatoka, akalinyanyua pindo akalipiga juu ya maji, hewa ikaingia, akalikusanya mikononi na kulilalia kifua. Pindo nililolikunja mara mbili ili limzamishe lilikuwa limefunga hewa isitoroke. Mchezo ule ninaufahamu. Wasichana wote wa Tanga tunaufahamu, maana sisi hatukuoga baharini na kitu kingine ila kanga zetu, na kanga iliyolowa ukiijaza upepo inakuwa boya. Mie ndiye niliyemfundisha, siku ya Idd, akiwa hajaota hata meno ya pili. Kule kwenye mchujo, mchezo huohuo wanauitia walimu waje kuwafundisha.

Lakini alikuwa amesikia nilivyomwita. Akaliachia dera, hewa yote ikatoka, mapumziko yake yakaishia hapo. Akageuka. Akaogelea mpaka kwenye boti, akasimama majini mbele yangu, mkono umenyooka, na vidole vyake havikugusa boti. Ungeweza kupitisha kiganja katikati.

"Umeniita, mama," alisema. Midomo ilikuwa imepauka kwa chumvi. "Nishike?"

Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anauliza. Ningejibu "shika", angeshika, angepanda, angekaa kimya pembeni yangu na kurudi stoo, na asingenilaumu mpaka siku ya kufa kwangu. Nililiona hilo usoni mwake waziwazi.

Bahari nilikuwa nimeshamwona akiishinda. Mkondo nilimwona akiushinda, na dera langu, na hila yangu. Nguvu zote zile zilikuwa zimesimama kwenye maji, zinahema, zinangoja neno moja la fundi cherehani wa Mabawa asiyejua hata kuogelea. Niliogopa. Sikumwogopa yeye, niliogopa kile nilichopewa mkononi. Wanasema pepo ya mtoto iko chini ya nyayo za mama, na sisi akina mama tunapenda sana kuusikia msemo huo. Sikuwahi kufikiri kwamba nyayo nazo zinaweza kukanyaga.

Ernesti aligeuza uso. Mudathir alilishika kasia lisilete wimbi.

"Usishike," nikasema.

Mkono wake ukarudi majini.

Nikainama mpaka boti ikalala upande, nikaweka kiganja changu juu ya mtandio wake uliolowa.

"Nimekuridhia, Sabra. Mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Ulipotoka na utakapokwenda, na huko wanakowashusha, nimekuridhia. Maziwa yangu ni halali yako."

"Amina," Mudathir akasema. Ernesti naye akaitikia.

Sabra alifumba macho. Alikuwa analia au ni maji, sikuweza kujua, na yeye hajaniambia mpaka leo. Nilimshika mkono kumvuta.

"Haya sasa panda. Si nimeshakupa? Panda nikufute, utapata homa."

Akautoa mkono wake taratibu, kwa heshima, kama mtu anayetoa mkono wa mgeni baada ya salamu.

"Bado sijafika, mama."

Akageuka ubavu. Mkono mmoja mbele, mwingine ukasukuma. Dera la manjano lilimfuata nyuma, zito vilevile, na sasa nilitamani ningekuwa nimelishona kwa kitambaa cha hariri. Nilimtazama anavyopungua. Moyo ulinijaa fahari na uchungu, na sikuweza kuvitenganisha. Nilikuwa nimemfungulia mlango kwa mkono wangu, na tayari alikuwa nje.

Mudathir akaniuliza kama tumfuate.

"Mwache atangulie," nikamwambia.