Kifaa cha Mia Nne na Kumi na Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Juni, Scovia alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mtandao katika ghala la dawa la Kimisagara, akifungua swichi kuukuu iliyojaa vumbi la mbao kutoka karakana ya jirani. Skurubu aliziweka kwenye kifuniko cha kopo la siagi ili zisipotee.

Ilikuwa swichi ya mwisho. Shirika la Maghala Umwezi lina maghala thelathini na manane Rwanda nzima, na kwa miezi saba Scovia alikuwa ameng'oa vifaa vya zamani katika thelathini na saba na kufunga vipya. Zamani kila ghala lilikuwa na mtandao wake na tabia zake, na kurekebisha kitu kimoja Rusizi kulimaanisha siku nzima njiani na laptopu mapajani. Sasa kila kifaa, kikishachomekwa tu, kilijisajili chenyewe kwenye klaudi, kikasimamiwa kutoka ukurasa mmoja unaofunguka hata kwenye simu. Kebo za Scovia zilikuwa zimenyooka, zimebanwa kila baada ya kiganja kimoja. Aliyetaka kuona kazi nzuri alikuwa huru kufungua kabati lolote.

Yeye mwenyewe hakuwa mfanyakazi wa kudumu. Alikuwa na mkataba wa miezi mitatu, uliosainiwa upya mara sitini na mbili. Mkuu wa TEHAMA, Jean-Bosco, alikuwa amemwahidi mbele ya watu kwamba siku vifaa vyote vitakapoonekana kijani kwenye ukurasa ule, atapata barua ya kazi ya kudumu. Barua hiyo ilikuwa na siku kumi na nane za likizo kwa mwaka. Tangu Septemba 2009, alipoanza kazi, Scovia hakuwa amepata likizo hata ya siku moja. Siku hizo alikuwa ameshazipangia matumizi: angempeleka binti yake Keza kwa bibi yake Karagwe, ng'ambo ya mpaka, wakae wiki mbili na simu imezimwa.

Alifunga swichi mpya, akachomeka kebo, akasubiri. Gatera, mhandisi wa kampuni iliyouza mfumo, alikuwa amekaa juu ya katoni ya glovu na laptopu yake. Alibonyeza kitufe cha kutafuta vifaa. Orodha ikaanza kushuka, kijani kwa kijani.

"Mama Keza, njoo uone," alisema. "Wewe uko kwenye orodha."

"Ya chai?"

"Ya vifaa."

Scovia alijifuta mikono, akainama. Baada ya swichi, ruta na vifaa vya Wi-Fi mia nne na kumi na mbili, mstari wa mwisho ulisema: Scovia. Mahali: Kimisagara, mbele ya kabati. Hali: kijani. Joto: nyuzi 36.7. Maghala yanayopitia hapa: kumi na moja. Mara ya mwisho kuzimwa: Agosti 2012, siku tisa.

"Hizi siku tisa ni za nini?" Gatera aliuliza.

"Za Keza. Nilikuwa najifungua."

"Siku tisa tu?"

"Mkataba wa miezi mitatu hauna uzazi. Endelea."

Mfumo wenyewe ulikuwa na umri wa miezi saba, lakini kumbukumbu za Scovia zilianzia Septemba 2009. Gatera alizisoma moja moja, akaona ziko sawa, akazihifadhi. Scovia naye hakuona kipya. Kwa miaka mingi, ghala la Gahanga likipoteza mtandao, kiwiko chake cha kushoto kilimwasha; Rusizi ilikuwa goti. Mtunza ghala alipopiga simu kulalamika, alimkuta Scovia ameshapanda pikipiki.

Hata hivyo Gatera alikuwa mtu wa utaratibu. Aliuondoa mstari wa mwisho ili aone. Maghala kumi na moja, kuanzia Gahanga hadi Rusizi, yakageuka mekundu papo hapo, na friji za chanjo zikaacha kutuma joto lake. Simu tatu zikaita pamoja. Aliurudisha mstari, na yote yakawa kijani.

"Usinitoe tena kabla sijanywa chai," Scovia alisema.

Mchana Jean-Bosco alifika kwa gari la ofisi. Alisoma orodha amesimama, kisha akaisoma tena amekaa, akatabasamu. Katika imihigo, ahadi za mwaka ambazo kila mkuu wa idara husaini, alikuwa ameandika kwamba kufikia mwisho wa Juni vifaa vyote vitasimamiwa kutoka mahali pamoja.

"Mia nne na kumi na tatu kati ya mia nne na kumi na tatu," alisema. "Asilimia mia, jamani. Idara nyingine hazijafika hata themanini."

"Na barua yangu?"

"Pita kwa Raïssa. Nitampigia."

Raïssa wa rasilimali watu alikuwa mwanamke msafi wa meza na wa maneno. Alimkaribisha Scovia, akamgeuzia kompyuta ili waone wote wawili.

"Barua yako niliichapa jana," alisema. "Leo mfumo unaikataa. Unasema namba yako iko tayari kwenye daftari la mali, pamoja na vifaa vya ile orodha. Mama, mtu hawezi kuwa kwenye daftari la mali na la wafanyakazi kwa wakati mmoja."

"Basi nitoe kwenye la mali."

"Nimemwomba Jean-Bosco. Anasema ukitoka wewe, yanatoka maghala kumi na moja, na imihigo yake inaanguka."

"Basi mniache kwenye mkataba wangu wa zamani."

"Kifaa hakisaini mkataba." Raïssa alisema hivyo bila ubaya wowote, na akamsogezea bakuli la karanga. "Malipo yako yanabaki vilevile, ila yatatoka fungu la matengenezo. Halafu sasa una bima. Ya moto, wizi na radi."

"Na likizo?"

"Likizo ni ya watu. Vifaa vina saa za matengenezo. Nimekuombea mbili kila wiki, Jumapili, saa nane mchana hadi saa kumi. Swichi zinapewa moja."

Scovia alimwambia kuhusu Karagwe. Raïssa alifungua kanuni, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana alimpenda. Kuvusha mali ya shirika nje ya nchi kulitaka kibali cha forodha na saini ya mkurugenzi mkuu, na mkurugenzi hakuwa amewahi kusaini hata kwa projekta.

"Hii si haki, Raïssa."

"Najua. Ningekuwa wewe ningekasirika zaidi."

Tarehe thelathini Juni shirika liliwaita wageni ukumbini. Palikuwa na Fanta na sambusa, na ukutani palikuwa na ramani ya Rwanda yenye taa mia nne na kumi na tatu. Scovia alikaa safu ya tatu kwa gauni la bluu alilolishona Usumani, fundi wa Kimisagara, na Keza pembeni yake kwa sare ya shule. Hakuna taa hata moja iliyokuwa nyekundu. Scovia alizipitia zote kwa macho, ghala kwa ghala, na kila moja alikumbuka ukuta aliotoboa, ngazi aliyoazima, mtunza ghala aliyemletea uji. Hakuna mwingine ukumbini aliyeweza kufanya hivyo.

"Yako ni ipi, mama?" Keza alinong'ona.

"Ile pale. Iliyotulia."

Mkurugenzi mkuu alivishukuru vifaa vyote kwa kufanya kazi bila kukatika. Scovia alisimama, kwa sababu alikuwa ametajwa, na watu wakampigia makofi marefu. Yalikuwa makofi ya haki na aliyapokea yote. Baadaye Jean-Bosco alimletea stika ya mali, akamwomba achague mahali. Alichagua nyuma ya mkono wa kushoto. Stika ilitaja Juni 2025 kuwa mwanzo wa matumizi na Juni 2030 kuwa mwisho, kama vifaa vingine vyote vya mtandao.

"Miaka mitano," Scovia alisoma. "Jean-Bosco, umewahi kuona kitu nilichofunga mimi kikafa kwa tarehe ya karatasi?"

"Bado."

"Haya."

Jumapili ya pili ya Julai, mama yake Scovia alifika nyumbani kwa binti yake, Kabeza, kutoka Karagwe, ana mkungu wa ndizi na miguu iliyovimba kwa safari. Aliposikia kwamba binti yake haruhusiwi kuvuka mpaka, alikuwa amefunga mzigo akaja mwenyewe. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Keza alimpokea mlangoni na kidole mdomoni.

"Bibi, karibu, lakini mama yuko kwenye matengenezo mpaka saa kumi."

Bibi alichungulia sebuleni. Scovia alikuwa amelala chali kwenye kochi, viatu vimevuliwa, na kwenye simu ya Keza taa yake ilikuwa ya kijivu. Maghala yake kumi na moja yalikuwa yakipita njia ya akiba aliyoiweka Gatera kwa saa za matengenezo, ambayo ilivumilia saa mbili na si zaidi.

"Hata alipokuwa mdogo," bibi alisema, "akipiga chafya redio ya baba yake ilikatika." Akavuta kigoda, akakaa karibu na kochi, mkono wake juu ya mguu wa binti yake.

Saa kumi kamili taa ilirudi kijani. Scovia aliamka, akanyoosha mkono kwa simu, akaipitia orodha yote, mia nne na kumi na tatu, hadi mstari wa mwisho. Kisha akageuka, akamsalimia mama yake.